Watoto wa Penseli

3 Februari

Kwako Kasuku, mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mbegu za kiume zikiwa nusu kwa nusu, basi watoto nao lazima watoke nusu kwa nusu, na wasipotoka hivyo pana muujiza. Nimeanza na kosa kabla ya salamu kwa sababu nakujua, salamu huwa unaziruka. Haya, rudi nyuma usalimiwe. Hujambo? Kile kikohozi cha maabara kimekuachia? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Binti yangu Kitinda, mdogo wako, alikuja Jumapili na wasichana wake watatu, wakanimalizia bakuli zima la njugu na kuniachia maganda kama ushahidi.

Madaftari uliyoomba kwa ajili ya utafiti wako nimeyafunga kwenye kifurushi hiki, yote kumi na moja. Kabla hujayafungua, niache niwe mwalimu kidogo, kazi niliyoifanya kabla ya kuajiriwa kuandika kumbukumbu za kima kwenye kituo cha utafiti.

Dume hutoa mbegu za aina mbili, moja huleta jike na nyingine huleta dume. Ukizipaka zile rangi zenu zinazong'aa na kuzihesabu chini ya hadubini, utakuta zimegawana karibu sawasawa. Lakini kutoka mbegu mpaka mtoto unayemshika mkononi ni safari ndefu. Kuna kulifikia yai, kuna mimba kutulia, kuna mimba kutoka, kuna kuzaliwa, kuna kunyonya. Kila kituo kina wanaoshuka. Kwa hiyo ukiona uwiano wa watoto umepinda, usikimbilie kuuliza mbegu peke yake. Uliza pia nani alihesabu, na alihesabu lini.

Hili la mwisho unalijua, nalirudia kwa ajili ya wenzako. Kwenye kituo chetu hatukumgusa mtoto siku anapozaliwa, maana mama akisumbuliwa humtupa. Siku ya kwanza nilitazama kwa darubini kupitia kioo cha banda, nikakisia jinsia, nikaiandika kwa penseli. Siku ya thelathini tulimkamata mama na mwanawe, daktari wa wanyama akamgeuza mtoto, nami nikaandika kwa wino juu ya penseli. Aliyekufa kabla ya siku thelathini alibaki wa penseli milele. Wino ni hesabu. Penseli ni uvumi.

Ulikuwa na miaka tisa, ndiwe uliyechonga penseli hizo, ukirudia kila tarakimu niliyoitaja mpaka tukakupa jina la Kasuku. Siku moja daktari alitaka kujumlisha penseli zangu kwenye ripoti yake. Ukamwambia, "Hizo za uongo-uongo, subiri wino." Alicheka mpaka akavua miwani.

Nisalimie wote hapo kazini. Ukipata nafasi, uje.

Mjomba wako


19 Februari

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Salamu zako nimezisoma mara mbili ili usipate la kusema, na goti nalipa pole. Kikohozi kimeondoka chenyewe, kiliona hakuna wa kukibembeleza. Wewe je, unakula? Kitinda ananiambia unakunywa chai mchana ukaiita chakula.

Madaftari yamefika salama. Yananuka banda mpaka jirani yangu wa ofisini amefungua dirisha na hajalifunga tena. Mimi nimeyanusa nikajikuta niko kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, nakuchongea.

Nikueleze nilikofika. Kwenye ghala la baridi tulikuta shahawa za madume sita wa kituo chenu, zimehifadhiwa tangu enzi zako. Yumo Kichwa Ngumu, yule aliyekuibia kofia. Nimehesabu maelfu kwa maelfu mpaka nikilala naona nukta nyekundu na kijani. Matokeo ni kama ulivyosema, nusu kwa nusu kwa kila dume, hakuna aliyepinda. Nilidhani nitashangiliwa. Mkuu wa idara akasema nusu kwa nusu haichapishwi. Mkataba wangu unaisha Juni, Mjomba, na huu ni wa saba, kila mmoja wa mwaka mmoja. Nina miaka thelathini na minane na bado naombwa kitambulisho cha muda pale mlangoni.

Swali langu ni moja. Mabanda ya juu ndiyo yaliyopewa ule unga kwenye chakula? Tafadhali usiniandikie kurasa sita. Nijibu ndiyo au siyo.

Mpwa wako,
Kasuku


1 Machi

Kasuku, mwanangu,

U hali gani? Huku hatujambo, ila mvua ya goti imenyesha kweli.

Jibu ni ndiyo. Sasa sikiliza, maana ndiyo peke yake inaniwasha kama upupu.

Mabanda ya juu yalipewa unga miaka sita mfululizo, kijiko kimoja kwa kila jike kwenye chakula cha asubuhi. Walioleta walisema ni wa kuimarisha mimba. Mabanda ya chini hayakupewa. Jaribio likafa bila matanga, hakuna aliyeandika mwisho wake. Lakini jihadhari. Mabanda ya juu yalikuwa upande wa upepo na paa lao lilikuwa bovu. Watoto wengi walikufa humo kabla ya siku thelathini. Niliandika barua nne kuhusu lile paa, likatengenezwa mwaka niliostaafu. Ukilinganisha juu na chini, ujue unalinganisha unga na baridi kwa pamoja.

Na usitafute jinsia za waliokufa, hazipo. Mama kima hamwachii mtu maiti ya mwanawe. Unamkumbuka yule tuliyemwita Bibi Harusi? Alimbeba wake siku tisa, akimpangusa na kumweka kwenye titi. Alipomweka chini ilibaki ngozi kavu kama kiatu kilichoachwa juani. Wachache waliopatikana mapema daktari aliwachoma bila kuwafungua, kwa kuogopa maradhi.

Ni ukurasa mmoja tu. Nimejitahidi.

Kuhusu mkataba, usijikondeshe. Nusu kwa nusu iliyopimwa vizuri ni kitu, hata kama haipigiwi ngoma.

Mjomba wako


22 Juni

Kwako mpwa wangu Kasuku,

Hujambo huko? Kimya chako cha miezi mitatu na ushei nimekielewa leo. Kitinda ameniletea gazeti, na picha yako imo, umevaa koti jeupe na nywele umezibana nyuma kama mama yako alivyokuwa akifanya siku za mitihani. Niliitazama muda mrefu. Nikalia kidogo, hilo libaki kati yetu.

Fundi cherehani wa hapa mkabala aliniomba niisome kwa sauti. Nilipomaliza akasema, "Mzee, kumbe ule uchafu wa nyani ulikuwa dhahabu." Nikamweleza kwamba nyani na kima ni wanyama wawili tofauti. Akasema dhahabu ni ile ile. Nimemwacha.

Nilipokuchukua mama yako alipofariki, watu waliniuliza nitafanya nini na mtoto wa miaka sita kwenye nyumba ya kituo, katikati ya makelele ya mabanda. Mkalala kitanda kimoja, wewe na Kitinda, ukimhesabia vidole mpaka asinzie. Leo ningependa niwaone hao waulizaji niwape gazeti.

Kuna jambo moja. Limeandikwa kwamba kwenye mabanda ya juu, katika kila watoto watatu wawili walikuwa madume, na kwamba unga ule unapinda uwiano. Sikumbuki hivyo. Lakini nina miaka sabini na moja, huwa natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Nitumie makala yenyewe ya kitaalamu niisome pole pole.

Kitinda ameniomba anwani ya ofisi yako. Anasema anataka kukupongeza ana kwa ana. Nimempa.

Mjomba wako anayejivuna


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na asante sana. Barua yako nimeibandika ukutani, pale nilipokuwa nikitundika kitambulisho cha muda. Sasa nina cha kudumu.

Makala hii hapa. Isome ukiwa umekula. Ina majedwali mengi na Kiingereza kigumu, usijichoshe na kila mstari. Mwishoni kuna shukrani, jina la kazi yako limo. Nilisisitiza liwemo.

Kitinda alifika. Tulikaa mpaka watu wote wakaondoka, tukaongea ya kike, tukacheka, akalia kidogo juu ya mama mkwe wake, ambaye bado anawaita wale wasichana watatu "mazoezi". Nilimwambia yataisha. Usijali, nipo naye.

Niko mbio, kuna wageni wanaokuja kukagua.

Kasuku wako


14 Julai

Kwako Kasuku,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mzima, chakula nakula.

Nimesoma makala yako mara tatu, na rula mkononi nisiruke mstari. Hadubini yako ni nzuri mno. Sehemu ya mbegu ningeipa alama zote. Sehemu ya watoto imenitoa usingizini.

Madaftari unayo wewe, lakini nilibaki na nakala za muhtasari wa kila mwezi, zile ambazo safu ya wino na safu ya penseli hazichanganywi. Nimejumlisha upya. Mabanda ya juu, waliozaliwa ni themanini na wanne. Wa wino hamsini na wawili: madume ishirini na saba, majike ishirini na watano. Wa penseli thelathini na wawili, na katika hao nilikisia madume ishirini na tisa na majike watatu tu. Ukiwamwaga wote kapu moja unapata madume hamsini na sita kwa majike ishirini na wanane. Wawili kwa mmoja, kama gazeti lilivyosema.

Mbona nilikisia madume hivyo? Kwa sababu siku za kwanza kitovu kibichi huning'inia katikati ya miguu ya mtoto. Kwa jicho lililoko mita ishirini, nyuma ya kioo chenye ukungu, karibu kila mtoto ni dume. Wengi niliowakisia madume waligeuzwa siku ya thelathini wakawa majike, tukacheka. Ndiyo maana tulikuwa na wino.

Mabanda ya chini walizaliwa themanini, na wa penseli ni watano tu. Hao hawatoshi kupinda kitu. Kwa hiyo uwiano haukupinda kwenye mbegu wala kwenye matumbo ya mama zao. Ulipinda kwenye jicho langu, na ulipinda juu zaidi kwa sababu juu walikufa zaidi.

Hapo ndipo penye jambo zito, na makala yenu haina neno hata moja juu yake. Walikufa thelathini na wawili katika themanini na wanne, dhidi ya watano katika themanini.

Halafu kuna ule mstari wa shukrani. Umeandika kwamba mtunza kumbukumbu wa kituo alithibitisha kwa mkono jinsia ya kila mtoto akiwa na siku thelathini. Kila mtoto. Mtoto aliyekufa na siku nne nilimthibitishaje?

Nadhani aliyenakili madaftari kwenye kompyuta alikuwa mgeni. Kwenye skrini penseli na wino havina tofauti, kosa hilo linaweza kumpata yeyote. Niambie ni nani. Nitakuja na basi la asubuhi, nikae naye siku moja, sitamgombeza. Kisha mtaandika masahihisho, na heshima yako itaongezeka, haitapungua.

Nakungoja.

Mjomba wako


9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua hii nimeianza mara nne.

Hakuna mgeni. Aliyenakili ni mimi, siku kumi na mbili, mlango nimeufunga.

Nilianza na wino peke yake, naapa. Ikatoka nusu kwa nusu. Mkuu wa idara aliitazama jinsi mtu anavyotazama chai iliyopoa. Akaniuliza zile safu za kijivu ni nini. Nikasema makisio. Akauliza ya nani. Nikasema ya mjomba wangu, aliyewatazama kima miaka thelathini. Akasema, "Basi hayo si makisio, huo ni utaalamu." Nilikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nalo tangu nina miaka tisa. Nikanyamaza.

Ukishanyamaza mara moja, Mjomba, ya pili inakuwa nyepesi. Mstari wa shukrani niliuandika ili msomaji wa jarida asiulize. Niliona nakupa heshima. Usiku ule nililala vizuri, na ndilo linaloniuma.

Lakini nikuulize na mimi. Unajuaje jicho lako lilikosea kwa wote thelathini na wawili? Huenda wengi walikuwa madume kweli. Hujui, nami sijui. Na vifo ni paa. Si maneno yangu, uliandika wewe mwenyewe tarehe mosi Machi, na barua nne kabla yake. Barua yako ninayo. Ikibidi nitaionyesha.

Wakaguzi wanataka karatasi moja tu, ya kuthibitisha kwamba madaftari ni sahihi na yalinakiliwa yalivyo. Nimeiambatanisha. Ni sahihi yako tu, mahali palipowekwa alama. Wamenipa mkataba wa miaka minne. Nikianguka sasa sitaanguka peke yangu, watu kumi na mmoja wanakula kwa mradi huu. Umenilea. Usinimwage nikiwa nimefika mlangoni.

Tafadhali isiingie masikioni mwa Kitinda. Ana furaha siku hizi, mwache nayo.

Mpwa wako


23 Agosti

Kasuku,

Salamu nimeziacha makusudi, na leo sijui niulize afya ya nani.

Barua yako nilikaa nayo siku tano bila kujibu. Nilikuwa natafuta namna ya kukusamehe isiyokuwa uongo, na nilikuwa karibu kuipata. Uoga naufahamu. Mkuu wa kazi akikutazama vile, ulimi huwa mzito. Ningeandika hivyo, ningekuomba uje nyumbani, tungeandika masahihisho pamoja kwenye meza ya jikoni, mimi nikikuchongea wewe safari hii.

Kisha jana Kitinda akaja, peke yake, wasichana amewaacha shuleni. Alikuwa anang'aa. Akaketi, akasimama, akaketi tena, akanitolea kopo kwenye mkoba wake na kuliweka mezani kama mtoto anayeonyesha alama za mtihani. Ana mimba ya wiki nne. Yuko kwenye orodha ya wanawake arobaini wanaojaribiwa ule unga wa kima ili wapate watoto wa kiume, na jina lake ndilo la kwanza, kwa sababu aliyeandika orodha ni dada yake. Alianza kuumeza mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na ataendelea mpaka ajifungue. Kijiko kimoja, asubuhi.

Nililifungua lile kopo. Harufu ni ile ile.

Sasa naelewa kwa nini hukutaka iingie masikioni mwake. Ulipokuwa unaandika kwamba ana furaha, ulijua anameza nini. Barua yangu ya Julai ulikuwa nayo, yenye hesabu ya waliokufa juu na waliokufa chini, na siku ile ile ungeweza kumwambia aache. Zimepita siku arobaini tangu niiandike, naye amekunywa vijiko arobaini. Hapa sina penseli, nimehesabu kwa wino.

Nilimweleza yote. Nilimwonyesha muhtasari, safu kwa safu, jinsi nilivyokuonyesha wewe. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kama wanavyomsikiliza mzee anayesimulia bei za zamani. Nilipomaliza akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia nimelala. Akasema, "Baba, wewe ulikuwa unawahesabu. Dada ndiye aliyesoma."

Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha dada kuhesabu. Akakasirika hapo. Akasema maisha yake yote nilikupa wewe penseli na yeye nikampa maganda ya njugu ayafagie, na leo umempa kitu kwa mkono wako mwenyewe, mimi nataka kumnyang'anya. Huenda ni kweli. Nilijaribu kuchukua kopo, akalifunga mkobani. Akiwa mlangoni aligeuka. "Dada akiniambia niache, nitaacha leo hii. Mtu mwingine, hapana."

Umeelewa? Nimemzaa, nimemlea, na neno langu halifiki mahali linapofika lako. Imani hiyo niliijenga mimi mwenyewe kwa miaka thelathini na miwili, kila nilipomwambia, muulize dada yako.

Karatasi yako nairudisha bila sahihi. Nimeandika kwa jarida na kwa kamati inayosimamia majaribio kwa binadamu, nimewapa nakala za muhtasari. Watajibu kwa wakati wao, wiki sita, wiki kumi. Yaliyomo kwenye barua ya tarehe mosi Machi nimewaandikia mimi mwenyewe, huna haja ya kunitishia nayo. Nimewaeleza pia kosa langu. Miaka sita nililaumu paa. Nilikuwa na safu mbili mbele ya macho yangu, waliolishwa unga na waliokufa, sikuwahi kuziweka ukurasa mmoja, kwa sababu paa lilikuwa linavuja na nilikuwa na hasira na mwenye kulitengeneza. Inawezekana bado ni baridi iliyowaua. Sijui. Na wewe hujui. Ndivyo ulivyoandika, hujui, nami sijui, ukidhani ni utetezi. Mtu asiyejua hamnyweshi mjamzito.

Ungeniibia madaftari ningesema ni tamaa. Ungelificha jina langu ningesema ni ujana wa kazi. Lakini ulichukua mahali nilipokosea, ukaandika kwamba nilithibitisha, ukalipeleka kosa langu kwa binti yangu likiwa kwenye kopo. Nilipokuwa nalisoma gazeti lako mbele ya fundi cherehani, Kitinda alikuwa anajiandaa kukujia ofisini. Nilimpa anwani mimi.

Wale thelathini na tisa wengine kamati itawafikia, nimeomba iwafikie haraka, na wewe unayo orodha yao. Sitakuficha, nimeandika pia kwamba unayo. Kuhusu wewe na mimi sijui niseme nini, na nimechoka, kwa hiyo sisemi. Labda siku nyingine nitakuwa na kitu cha kusema. Leo nina jambo moja tu.

Nimekupigia simu mara tisa tangu jana, hupokei. Barua hii anakuletea fundi cherehani mkononi. Nimemwomba asiondoke mpaka aone umeifungua, na yeye ni mtu wa kungoja, amezoea wateja.

Kitinda humeza baada ya chai ya asubuhi. Cha leo ameshameza. Cha kesho bado.

Mpigie simu mdogo wako leo, sasa hivi, umwambie aache kunywa unga huo.

Mjomba